Niliyoyajua Singapore nikiwa nimeshasaini

Mwezi uliopita binamu yangu alinitumia picha ya barua ya ajira. Kampuni moja ya Singapore inamtaka, mshahara dola 7,000 za huko kwa mwezi, na chini ya picha alikuwa ameandika hesabu yake mwenyewe: 7,000 mara mia, shilingi laki saba. "Kaka, hii si ndogo," akaniambia. Nilimwelewa. Mwaka 2022 mimi nilikaa barazani kwetu Mombasa nikafanya hesabu ya namna hiyohiyo, dola 7,500 mara shilingi 84, nikapata laki sita na elfu thelathini, nikaona dhiki imekwisha. Nimeishi Singapore miaka mitatu: karibu mwaka mmoja peke yangu, mwaka na miezi mitano na mke wangu na binti yetu, kisha peke yangu tena hadi Machi 2025. Kabla hajaijibu barua ile nilimwomba anisikilize jioni moja. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Nilikwenda kwa sababu ya kazi, na kwa hilo sijuti. Kazi yangu ni kupanga makontena melini, nimeianza Kilindini. Bandari ya Mombasa ilipita makontena milioni 2 kwa mwaka, kwa kipimo cha futi ishirini, ilipofika 2024. Singapore mwaka huohuo ilipita milioni 40. Mtu wa kazi yangu akiitwa kule, moyo wake hauwezi kutulia nyumbani.

Kosa langu lilikuwa kwenye kuzidisha. Nilizidisha kama mtu atakayekula Mombasa, na mimi ningekula Singapore, ningelala Singapore, ningelipa daktari Singapore. Isitoshe, namba yenyewe ya kuzidishia haitulii. Nilipofika, dola yao ilikuwa kama shilingi 84. Mwanzoni mwa 2024 ilipita 115, na Wakenya niliowajua kule wakawa wanatuma pesa za ujenzi kwa furaha. Miezi michache baadaye shilingi ikapata nguvu, dola ikashuka hadi karibu na mia, na waliokuwa wameahidiana na mafundi kwa bei ya Januari wakabaki na kuta zisizo na paa. Kwa hiyo nilimwambia binamu yangu afute shilingi kwenye ile karatasi. Aandike dola inayoingia na dola inayotoka, na shilingi aiguse pale tu anapohesabu cha kutuma nyumbani.

Mwaka wa kwanza nilipanga chumba Clementi, upande wa magharibi wa kisiwa, kwa dola 1,100. Kilikuwa ndani ya fleti ya HDB, zile nyumba zilizojengwa na serikali ambazo karibu watu wanane katika kila kumi wa nchi ile wanaishi humo. Nilipewa kitanda, kabati, dirisha la kuelekea reli ya treni, na ruhusa ya "kupika kidogo". Uliza maana ya maneno hayo kabla hujasaini. Kwa mwenye nyumba wangu, kupika kidogo kulikuwa kuchemsha tambi na kukaanga yai. Siku niliyokaanga vitunguu vya pilau alikuja jikoni, akafungua madirisha yote, akaniomba kwa upole nisirudie. Matangazo mengine yanasema wazi kwamba hakuna kupika kabisa. Na madalali kadhaa niliowapigia waliniuliza natoka nchi gani kabla ya kuniambia chumba kina ukubwa gani, na nikijibu, chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Hilo linauma, sitalipunguza. Jipe wiki tatu au nne za kutafuta, na uwe na pesa ya kulalia mahali katika siku hizo.

Lakini mwaka ule mmoja niliweka akiba. Chumba, chakula, treni, simu, kilichokwenda nyumbani, na kodi ya mapato niliyokuwa nikiitenga, vyote havikufika dola 4,000. Zilizobaki zilikuwa zaidi ya 3,500 kila mwezi. Nilimpigia mke wangu nikamwambia, "Njooni." Sikuwa nimefanya hesabu yao. Nilifanya hesabu yangu nikadhani inatosha watu watatu.

Hapa ndipo ningependa mwenye kusoma asimame kidogo.

Mke wangu ni mwalimu. Alikuwa na miaka saba darasani Mombasa, na wazazi wa Kisauni walikuwa wakimwombea asihamishwe. Aliacha kazi ile akanifuata kwa kibali cha mtegemezi, ambacho hutolewa kwa mke, mume na watoto walio chini ya miaka 21 ikiwa mwenye kibali cha kazi analipwa angalau dola 6,000. Mimi nilitimiza hilo nikafurahi. Nilichokuwa sijakisoma vizuri ni kwamba tangu Mei 2021 mwenye kibali hicho hawezi tu kuomba barua ya ruhusa akaajiriwa kama zamani. Lazima mwajiri amwombee kibali chake mwenyewe cha kazi, kwa masharti yaleyale ya kila mgeni. Shule mbili zilimwita kwa mahojiano na zote mbili zilimpenda. Zilipofika kwenye kibali, zikanyamaza. Akawa mtu wa kungoja nirudi jioni. Hakulalamika, na hiyo ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu namjua mke wangu, na mke wangu hulalamika pale anapoona kitu kinaweza kurekebishika.

Kwa hiyo kama mwenzako ana kazi anayoipenda, mshahara wake ule unaoupoteza uuandike kwenye hesabu kama gharama. Halafu kaeni mzungumze juu ya kile kisichoandikika, naye azungumze zaidi yako.

Nyumba ya familia nayo ina lugha yake. Tuliambiwa fleti ya vyumba vitatu, Clementi hapohapo, dola 2,600. Kule sebule inahesabiwa kuwa chumba. Vyumba vitatu maana yake vyumba viwili vya kulala na sebule. Na si kila fleti ya HDB mgeni anaruhusiwa kuipanga nzima, maana kuna kiwango cha wapangaji wasio raia kwa kila mtaa na kila jengo, kikijaa unaambiwa uende jengo la mbele. Tulipopata, siku ya kusaini nilitoa amana ya mwezi mmoja 2,600, kodi ya mwezi wa kwanza 2,600, ushuru wa stempu 125, na ujira wa dalali 1,300. Jumla 6,625, kabla hatujanunua hata sufuria. Mkataba ulinitaka pia niite fundi wa kiyoyozi kila miezi mitatu kwa pesa yangu, na matengenezo madogo yote hadi dola 200 yalikuwa juu yangu. Mtu wa pwani hudhani joto analijua. Sisi tuna upepo wa bahari. Kule joto linakaa mahali pamoja mchana na usiku, nguo za kabatini zinaota ukungu, na kiyoyozi usichotaka kukiwasha utakiwasha kwa ajili ya mtoto.

Ukisaini mkataba wa miaka miwili, dai kifungu kinachokuruhusu kuvunja mkataba ukipoteza kazi. Kibali chako kikifutwa unapewa siku 30 hivi za kuondoka nchini, lakini mkataba wa nyumba hauondoki nawe.

Binti yetu alifika Januari 2023 akiwa na miaka saba. Shule za kimataifa nyingi ada zake zinaanzia dola elfu ishirini na kitu kwa mwaka, na nyingine zinapita elfu arobaini. Hizo tuliziangalia tukazifunga. Shule za serikali ni nzuri mno, lakini mtoto wa kigeni huingia baada ya wenyeji wote kupata, na akishavuka darasa la kwanza anapitia mtihani wa kujiunga uitwao AEIS, ambao wakati ule ulifanyika mara chache kwa mwaka. Kufaulu kwenyewe hakukuhakikishii nafasi. Sisi tulifika ukiwa umebaki wakati mdogo wa kujiandaa kwa ule wa mwanzo wa mwaka, tukangoja wa Septemba. Miezi minane binti yetu alisoma mezani kwa mama yake, asubuhi Kiingereza na Hisabati, jioni kituo cha masomo ya ziada kwa dola 450 kwa mwezi. Alikuwa akisimama dirishani watoto wa jengo wakirudi na mikoba yao, anawahesabu. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba darasa lile la mtu mmoja ndilo lililomwokoa. Mimi naona liliwaokoa wote wawili, ila lilikuwa jambo la kupangwa na mzazi, si la kuachiwa bahati.

Aprili mwaka uleule alishikwa na homa ya dengi. Bima ya kazini kwangu ilikuwa ya mfanyakazi peke yake, nami nilikuwa bado "natafuta" bima ya familia. Hospitali za umma zina punguzo kwa raia na wakazi wa kudumu. Mgeni hulipa bei kamili, na kabla ya kitanda huombwa amana. Saa nane za usiku nilisimama dirishani kwa mhasibu na kadi ya benki mkononi, mtoto amelala begani kwa mama yake, na nilimshukuru Mungu kwamba kadi ilipita. Siku tatu, dola 4,300. Alipona vizuri kabisa, madaktari walimwangalia kwa makini sana, hilo nawapa haki yao. Wiki ile ile nikalipia bima ya wawili hao, dola 180 kwa mwezi. Bima ianze siku moja na tiketi ya ndege.

Kodi ya mapato ni jambo dogo ila linawakamata wengi wetu, kwa sababu Kenya tumezoea kukatwa kabla hatujauona mshahara. Kule mshahara unaingia mzima. Mwaka unaofuata, kufikia tarehe 18 Aprili, unapeleka taarifa zako, kisha unaletewa deni lako la mwaka mzima. Kiwango chao ni chepesi kuliko chetu, kwangu kilikuwa chini kidogo ya dola 4,000 kwa mwaka, lakini lazima uwe umeitenga. Mgeni pia haingii kwenye mfuko wao wa uzeeni, hivyo akiba ya uzee ni juu yako.

Sitaki msomaji adhani nimekwenda kuteseka. Ni mji ambao binti yangu alipanda treni na mama yake saa nne za usiku na mimi sikuwa na wasiwasi. Gari usiliwaze, maana cheti tu cha kuruhusiwa kumiliki gari kubwa kilifika dola 150,001 Oktoba 2023, lakini treni na basi zinafika kila mahali kwa dola moja au mbili. Chakula cha masoko ya vyakula vilivyopikwa kilituokoa, sahani dola nne hadi sita, na chenye alama ya halali hakitafutwi kwa tochi. Chini ya jengo letu mzee mmoja wa Kimalay aliuza nasi lemak, ambao ni wali wa nazi, huna la kuueleza zaidi kwa mtu wa Mombasa. Siku ya kwanza alinisalimu, "Apa khabar?" nami nikajibu "nzuri" kabla sijafikiri, maana niliisikia habari ndani yake. Tangu hapo tukawa na mchezo wetu wa maneno. Meja yao ni meza yetu, sabun ni sabuni, kertas ni karatasi, waktu ni wakati, na bendera ni bendera kwa wote. Ijumaa tulikwenda Masjid Sultan, Kampong Glam, ambao uko katika mtaa unaoitwa Muscat. Kuna hata kituo cha treni kiitwacho Aljunied, jina la ukoo wa Kihadhrami, Waarabu wa Yemen. Mtu aliyekulia jirani na Washihiri wa Mombasa akilisikia linatangazwa ndani ya treni, mwili unamsisimka. Usiku wa Ramadhani mtaani Geylang Serai, taa juu na watu bega kwa bega, mke wangu alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi.

Kisha kuna umbali. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Unapitia Addis Ababa, Doha au Dubai, na kutoka mlango wa nyumba ya Clementi hadi mlango wa nyumba ya Mombasa ni siku nzima na zaidi. Saa zao ziko tano mbele ya zetu. Nikitoka kazini saa kumi na mbili jioni, Mombasa ni saa saba mchana, watu wako kazini. Wakimaliza kula usiku na kutaka kuzungumza, kule ni usiku wa manane.

Julai 2023 simu ililia saa tisa usiku. Kwa nyumbani ilikuwa saa nne. Kaka yangu aliniambia baba ameanguka, na kabla sijamaliza kuvaa shati alipiga tena. Kwetu maiti hangojwi. Nilifungua kompyuta kutafuta tiketi, nikakuta ya mapema kuliko zote inanifikisha siku ya pili yake usiku. Baba alizikwa baada ya sala ya adhuhuri, mimi nikiwa nimekaa sakafuni sebuleni Clementi, jioni ya huko, nimeshika simu, na mpwa wangu ameshika yake upande wa pili ili nisikie dua. Nilikwenda baada ya wiki, nikakaa kaburini. Hili binamu yangu sikumweleza kwa simu, alikuwepo, yeye ni mmoja wa walioshika jeneza. Lakini ninaliandika kwa wengine wenye wazazi watu wazima. Kumchukua mzazi aishi nawe kule kunataka mshahara wa dola 12,000. Zungumza na ndugu zako kabla hujaondoka, nani atakuwa karibu, na uweke pembeni nauli ya dharura usiyoigusa kwa jambo jingine. Haitakufikisha mazikoni. Itakufikisha kwa mama yako.

Mwaka 2022 peke yake kodi za nyumba binafsi Singapore zilipanda karibu asilimia 30, na nyumba za HDB zikafuata. Mkataba wetu ulipokwisha Januari 2024, mwenye nyumba alitaka 3,200. Mwezi huohuo binti yetu alipata nafasi ya shule, kwa ada ya mgeni ya karibu dola 900 kwa mwezi. Tulikaa mezani na karatasi. Mwaka 2023, baada ya nyumba, umeme na maji, chakula, usafiri, bima, masomo ya ziada, kodi ya mapato na dola 1,000 za kutuma nyumbani, zilikuwa zikibaki kama 1,085. Kwa bei mpya zilibaki 35. Mke wangu aliitazama ile 35 kwa muda mrefu, akasema, "Tumalize muhula, kisha mimi na mtoto turudi." Tulichukua mkataba wa miezi sita, ambao ndio mfupi kuliko wote unaoruhusiwa kwa HDB. Mwishoni mwa Mei nikawasindikiza uwanja wa ndege wa Changi. Binti yetu alikuwa amepata rafiki wa kwanza wa shule miezi miwili tu iliyopita, akalia njia nzima ya treni, na mimi nilijua kwamba kilio kile nilikipanga mimi kwa kutopanga.

Nilirudi kwenye chumba, dola 1,250 safari hii. Nilipoondoka Machi 2025 nilikutana na jambo la mwisho. Mgeni anapoacha kazi, mwajiri hutakiwa kuwaarifu watu wa kodi mwezi mmoja kabla na kuzuia malipo yake yote hadi wathibitishe hadaiwi. Mshahara wa mwezi ule ninaouhitaji zaidi, wa tiketi na kusafirisha mizigo, ulizuiliwa kisheria. Amana ya chumba nayo ilirudi baada ya wiki mbili. Uwe na pesa ya kuondokea kama ulivyokuwa na pesa ya kufikia.

Binamu yangu aliniuliza kama ningekwenda tena. Ningekwenda, kwa miaka miwili, peke yangu, nikiwa na tarehe ya kurudi tuliyokubaliana mke na mume, au na familia ikiwa mwajiri ameandika ndani ya barua ada ya shule, bima ya wote, na tiketi za likizo. Hayo huombwa kabla ya kusaini. Nilimkumbusha pia kwamba kima cha chini cha mshahara wa kibali cha kazi hupanda na umri. Tangu Januari 2025 kinaanzia dola 5,600 kwa kijana na kufika 10,700 kwa mtu wa miaka 45, na sekta ya fedha iko juu zaidi. Yeye ana miaka 28, leo anapita kwa kiasi kidogo. Akitaka kibali kingine atakuwa na 30.

Mke wake ni muuguzi, mtoto wao ana miaka mitatu. Juzi amenitumia karatasi nyingine. Ni ya dola tupu, na maandishi ya safu ya kwanza si yake, ni ya mke wake. Kampuni imewapa hadi mwisho wa mwezi.